Nani Anaishika Mizani ya Mionzi?

Ukimtajia mtu wa Lulindi neno nyuklia, anaweza kukuuliza kama hiyo nayo ni dawa mpya ya kupulizia mikorosho. Usimcheke, msomaji mpenzi. Sisi wa huku Masasi na Newala mambo hayo tumeyasikia redioni tu: Hiroshima, Chernobyl, halafu Fukushima. Ni mambo ya kwao huko, wenye vinu vyao. Lakini korosho ile ile tunayoianika uani na kuipeleka kwenye ghala la chama cha msingi, kabla ya kuvuka bahari hupimwa mionzi na kupewa cheti. Basi hata bibi yangu, ambaye hajawahi kuona kinu cha nyuklia hata kwenye picha, ana hesabu yake na wakaguzi wa mionzi.

Historia ya jambo hili kwetu haikuanza na umeme. Ilianza hospitali. Lulindi tunajua nini maana ya hospitali ya misheni: Dk. Leader Stirling alifika hapa mwaka 1935 chini ya misheni ya UMCA, akafanya upasuaji kwa vifaa vichache sana, na miaka mingi baadaye, kuanzia 1975 hadi 1980, akawa Waziri wa Afya wa nchi nzima. Katika miaka hiyo hiyo, 1976, Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao Vienna. Mtu atajiuliza, nchi isiyo na kinu inatafuta nini Vienna? Jibu ni kwamba mashine za eksirei zilikuwepo, na zilikuwa zikiongezeka. Mionzi haina rangi wala harufu wala joto la kukuchoma papo hapo. Mtumishi wa chumba cha picha anaweza kuipokea kidogo kidogo miaka 20 bila kujua, na ugonjwa ukaja wakati kastaafu.

Ndiyo maana mwaka 1983 Bunge lilipitisha Sheria Namba 5 ya Kinga dhidi ya Mionzi, ikaundwa Tume ya Taifa ya Mionzi, makao yake Arusha. Kazi yake ilikuwa ya ukaguzi. Mwenye mashine aandikishwe, apewe leseni, kuta za chumba zipimwe, na mfanyakazi avae beji ndogo kifuani ambayo baada ya muda hupelekwa maabara kusomwa. Beji hiyo haimkingi mtu na chochote, jamani! Inaandika tu kiasi alichopokea. Kipimo kinachotumika duniani ni milisiveti: mfanyakazi asizidishe wastani wa 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida asizidishiwe zaidi ya 1 kutokana na shughuli hizo.

Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 26 Aprili 1986, kinu namba 4 cha Chernobyl kikalipuka. Mawingu yalisambaa Ulaya, majani yakanyeshewa, ng'ombe wakala majani, na maziwa yakawa na mionzi. Nchi zinazonunua chakula kutoka nje zikaanza kuuliza maswali bandarini. Kwetu kanuni za kudhibiti chakula chenye mionzi zilitolewa mwaka 1998. Hapo ndipo chimbuko la cheti cha korosho.

Sasa hebu turudi nyuma kidogo, maana Afrika Mashariki na Kati haikuwa mtazamaji tu. Huko Katanga, kwa ndugu zetu wanaosema Kiswahili chao cha Lubumbashi na Likasi, kuna mgodi uitwao Shinkolobwe. Urani yake iligunduliwa 1915. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yake New York, na urani ya Shinkolobwe ikawa sehemu kubwa ya ile iliyotengeneza bomu la Hiroshima. Wachimbaji Waafrika walibeba mawe yale, lakini siri ya yanakokwenda haikuwa yao. Mgodi ulifungwa Kongo ilipokaribia uhuru mwaka 1960, mashimo yakazibwa kwa zege. Watu wakarudi baadaye kuchimba kobalti na shaba kwa mikono. Januari 2004 Rais akatoa amri ya kupiga marufuku uchimbaji huo. Amri ilikuwa karatasi. Julai mwaka huo huo ardhi ikaporomoka na kuua watu 8.

Na kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium. Kilikuwa kidogo, cha utafiti, hakikutoa umeme. Kikafuatwa na cha pili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vilijengwa juu ya kilima ambacho mvua zilikuwa zikikila polepole. Fito mbili za fueli ziliibiwa, na moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu waliotaka kuiuza. Ingekuwa riwaya, mhariri angeirudisha akisema imezidi chumvi.

Hapo ndipo mtu anaanza kuelewa kwamba usalama wa nyuklia si suala la mafundi peke yao. Ni suala la nani anamkagua nani. Wamarekani walijifunza kwa kuchelewa. Mwaka 1946 waliunda tume moja ya atomiki, nayo ikaja kupewa kazi mbili: kuvipigia debe vinu vya umeme na kuvikagua. Watu wakalalamika mpaka mwaka 1974 Bunge lao likaipasua, na tangu 1975 tume ya ukaguzi ikawa peke yake. Chernobyl nako, mwanzoni lawama zote ziliangushiwa wafanyakazi wa zamu ile ya usiku. Mwaka 1992 wataalamu wa shirika la Vienna walirudia uchunguzi wakasema wazi kwamba kinu chenyewe kilikuwa na kasoro ambayo wafanyakazi hawakuambiwa, na kwamba hakukuwa na mkaguzi mwenye nguvu ya kumwambia mwenye kinu simama.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa nyuklia wa mwaka 1994 ukaandika jambo hilo: mkaguzi atenganishwe ipasavyo na yule anayeikuza nyuklia. Japani waliusaini. Hata hivyo mkaguzi wao akabaki chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikiitangaza nyuklia. Machi 11, 2011 tsunami ikaja Fukushima. Kamati ya Bunge lao ilisema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalisababishwa na binadamu, kwa kuwa mkaguzi na kampuni walikuwa lao moja.

Mtu wa Masasi hahitaji profesa kumfafanulia hili. Sisi tunaijua mizani. Tunaijua kangomba, pale mchuuzi anapokuja msimu wa njaa na bakuli lake, anakupimia korosho kwa bakuli hilo hilo na bei anapanga yeye. Mnunuzi akiwa ndiye mwenye kipimo, hata awe mcha Mungu, gunia litapungua tu. Ndiyo maana wakulima hutaka mizani ikaguliwe na mtu mwingine, asiye na gunia wala pesa pale.

Basi shangaa, ndugu msomaji. Mwaka 2003 Tanzania ilitunga Sheria Namba 7 ya Nguvu za Atomiki. Tume ya Taifa ya Mionzi ikawa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ikabaki Arusha, na juu ya kazi yake ya kukagua ikaongezewa kazi ya kuendeleza matumizi ya nyuklia. Yaani Wamarekani walipasua, sisi tukaunganisha. Sisemi kwamba watu wa Arusha si waaminifu, la hasha. Wataalamu wa mionzi nchini walikuwa wachache na fedha chache, na kuwagawa watu wachache katika ofisi mbili ni anasa. Nalielewa. Lakini mizani ni mizani.

Jirani zetu walichukua njia nyingine. Kenya mwaka 2019 waliunda mamlaka ya udhibiti wa nyuklia peke yake, na wakala wa kuendeleza umeme wa nyuklia akawa ofisi nyingine. Hata hivyo serikali ilipotaja Uyombo, Kilifi, kuwa mahali pa kinu, mwaka 2024 wavuvi na vijana wa huko waliandamana, polisi wakawapiga. Kwa hiyo kutenganisha ofisi hakukutosha kumfanya mvuvi aamini.

Na kama unataka kuona ukaguzi wa kinu chenyewe, nenda Koeberg karibu na Cape Town, kinachotoa umeme wa nyuklia tangu 1984. Leseni yake ilikuwa ya miaka 40. Muda ulipokaribia, mwenye kinu alitakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba vyuma, zege na nyaya bado vinafaa, majenereta ya mvuke yakabadilishwa, wananchi wakaitwa kutoa maoni. Mwaka 2024 mdhibiti akakiongezea kinu cha kwanza miaka 20. Lakini katikati ya safari hiyo, mwaka 2022, waziri alimfukuza mjumbe wa bodi ya mdhibiti aliyewakilisha asasi za kiraia, kwa sababu mjumbe huyo alikuwa akiipinga nyuklia. Mahakama ikasema mwaka 2023 kuwa haikuwa halali.

Kwetu, swali limesogea karibu kuliko Cape Town. Toka Masasi, pita Tunduru, endelea na barabara ya Songea, utafika Namtumbo. Huko kando ya mto Mkuju kuna urani. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Selous usogezwe kuupisha mgodi, na leseni ikatolewa 2013. Bei ya urani ilikuwa imeanguka baada ya Fukushima, mradi ukalala miaka. Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua pale mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani, chini ya kampuni ya Mantra ambayo iko mikononi mwa Warusi wa Rosatom. Maji ya Mkuju huteremka Luwegu, na Luwegu huingia Rufiji; hayaji kwetu. Vijana wa kwetu ndio watakaokwenda huko, kama walivyokwenda Tunduru kwenye vito.

Kijana huyo atapewa kofia, buti na beji kifuani. Kila baada ya muda beji itavuliwa ikasomwe. Kwa viwango vya Vienna, namba inayotoka ni haki yake kuiona, siyo ya mwajiri na Tume peke yao. Akiwa Namtumbo, ofisi ya kuiulizia ni ile ile yenye jukumu la kuikuza nyuklia.