Kliniki Tembezi Katika Msitu wa Boni

Kliniki tembezi ni huduma ya afya inayowafuata wananchi walipo. Katika Kaunti ya Lamu, umuhimu wake ulidhihirika baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab ya mwaka 2014, pale zahanati kadhaa za vijiji vya Waboni zilipofungwa. Operesheni ya Linda Boni ilianza Septemba 2015. Wahudumu hutoa chanjo, dawa za malaria na huduma kwa wajawazito.

Ratiba ndiyo uti wa mgongo wa huduma hii. Mtoto mchanga hupaswa kupata chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Msafara ukiahirishwa kwa sababu za usalama, dozi huchelewa. Uchungu wa uzazi, hata hivyo, haungoji msafara: mama anayetokwa na damu usiku bado anahitaji zahanati iliyo wazi.