Mtoto, Kazi na Utafiti katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna watoto na vijana wa ukanda wa shaba wa Katanga, hususan eneo ambalo tangu 2015 ni Mkoa wa Lualaba, walivyotazamwa na watafiti tangu enzi ya ukoloni hadi karne hii. Hoja yake ni kwamba kila kipindi kilikuwa na swali lake kuhusu mtoto, na kwamba swali hilo lilitokana zaidi na haja ya muulizaji kuliko hali ya muulizwaji. Jambo hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja, kwani Kiswahili ndicho lugha kuu ya makambi na miji ya migodi hiyo.

2. Mtoto wa kampuni

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea mwanzoni vibarua wa muda waliotoka mbali na kurejea kwao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili sera yake. Mfanyakazi alihimizwa kukaa kambini pamoja na mkewe, ili watoto wazaliwe na kukulia papo hapo. Daktari Léopold Mottoulle, mmojawapo wa wasanifu wa sera hiyo, aliieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1946. Watoto wachanga walipimwa na kutunzwa zahanati, wakubwa wakapewa chakula na masomo. Haifai kukana kwamba huduma hizo ziliokoa maisha. Hata hivyo, lengo lilikuwa wazi: mtoto mwenye afya ni mfanyakazi wa kesho.

Mwaka huohuo wa 1946 kiliundwa mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kituo cha CEPSI cha kuchunguza matatizo ya kijamii ya wenyeji, kikawa na jarida lake. Katika miaka ya 1950 wanasaikolojia nao waliingia uwanjani na majaribio ya akili na vipawa. Swali likawa ni kazi gani kijana huyu anaifaa. Kijana mwenyewe hakuulizwa ni maisha gani yanayomfaa.

3. Kampuni inapokosa nguvu

Mpango uliomtegemeza mtoto kwa kampuni ulikuwa na udhaifu mmoja: kampuni ikianguka, mtoto naye huanguka. Kisenge, mji wa manganisi ulio karibu na mpaka wa Angola, ulilionja jambo hilo mapema. Vita vya Angola vya mwaka 1975 vilipoikata reli ya Benguela, manganisi yake ilikosa njia ya kufika bandari ya Lobito. Huko Kolwezi mambo yaliharibika baadaye. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliokuwa takriban tani 470,000 mwaka 1986, ulishuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliichunguza familia ya mfanyakazi katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu "bana Shaba", watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Maelezo yake yanabadili swali la zamani. Kampuni ilikuwa imetwaa sehemu ya mamlaka ya baba. Mshahara ulipokatika, baba alibaki bila mamlaka wala mkate, na mama na watoto wakawa watafutaji.

4. Neno "kazi"

Hapa ndipo isimu inapohitajika. Mwaka 1973 Johannes Fabian alichapisha uchunguzi wa neno "kazi" miongoni mwa wafanyakazi wa Katanga wasemao Kiswahili, akionyesha kwamba dhana hiyo ina historia na uzito wake mahali hapo. Katika mji uliojengwa na kampuni, "kazi" huelekea kumaanisha ajira yenye mshahara. Basi mtoto aoshaye mawe mtoni akiulizwa, "Unafanya kazi?", anaweza kujibu "Hapana" bila kusema uongo.

Kosa dogo kama hilo lina matokeo makubwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 inawaruhusu watu wazima tu kuchimba kwa mikono, ilhali UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa katika machimbo ya kusini mwa Kongo. Mtoto asiyehesabiwa hakumbukwi katika bajeti ya shule wala ya zahanati.

5. Ushahidi wa mwili

Mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo, Kolwezi, na watu wakachimba viwanjani mwao. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven, miongoni mwao Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery, walichapisha matokeo yao mwaka 2018. Watoto wa mtaa huo walikuwa na kobalti katika mkojo takriban mara 10 kuliko watoto wa nje ya machimbo, tena kulikuwa na dalili za kudhurika kwa DNA. Kipimo hicho hakikuhitaji neno "kazi". Kilimgundua mchimbaji mdogo pamoja na yule anayecheza tu vumbini.

6. Hitimisho

Lakini mkojo hausemi mtoto alikuwa wapi jana, alibeba nini, wala kwa nini hakwenda shule. Hayo hupatikana kwa kuuliza vitendo badala ya majina: je, uliosha mawe, ulibeba mfuko, nani alichukua pesa? Maabara na lugha zinahitajiana. Katika ukanda huu mtoto amepimwa kwa muda wa karne nzima. Kumuuliza kwa maneno anayoyaelewa ni wajibu ambao bado haujatimizwa kikamilifu.