TULIVYOSHINDA WOGA WA BAISKELI



Habari za hisa na mikopo za miaka hii kumi zimo katika kurasa nyingine. Hapa tunaandika juu ya baiskeli, maana wengi mnatuuliza mabibi wenye wajukuu tuliiwezaje.

Kina mama wa Upare hawakuwa waoga wa safari. Mwaka 1946, wakati wa mgogoro wa kodi ya mbiru, wanawake wa Usangi walitembea kwa miguu mpaka Same, makao makuu ya wilaya wakati huo, kuwaunga mkono waume zao. Basi miguu tunayo. Kilichotufunga ni maneno tuliyokua nayo, kwamba baiskeli ni ya mwanamume.

Hata Ulaya na Marekani wanawake walichekwa hivyo hivyo. Lakini Frances Willard, Mmarekani aliyeongoza chama cha kina mama cha kupinga pombe, alijifunza akiwa na miaka 53, kisha mwaka 1895 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Alifanya mazoezi kwa wastani wa dakika 15 kwa siku, kwa miezi kama mitatu. Ndiyo ile haba na haba hujaza kibaba.

Sisi tulianza kwa shida. Fedha za kubebewa ndizi kwenda gulioni zilikuwa zinakula faida yote. Mwenzetu mmoja alishindwa marejesho, akaacha kuja vikaoni kwa aibu. Ndipo tukanunua baiskeli kuukuu kwa mfuko wa jamii. Lakini wapi! Tukawa tunaikokota tu kama toroli. Mguu mmoja ulikaa kwenye pedeli vizuri, ila wa pili ulikataa kabisa kuondoka chini, hata mtu akishika keria kwa nyuma. Kichwa ndicho kilichokataa, siyo mguu.

Fundi baiskeli akatusaidia. Alishusha kiti mpaka nyayo zote mbili zikafika chini, akafungua pedeli zote. Tukawa tunajisukuma kwa miguu uwanjani, mahali tambarare, kila mmoja zamu yake, kanga zimefungwa vizuri zisiingie kwenye mnyororo. Siku zilivyokwenda, miguu ikachelewa kurudi chini yenyewe. Ndipo tukaelewa kwamba baiskeli haianguki kwa sababu inakwenda. Ikilalia kulia, geuza usukani kulia kidogo, itainuka. Tena usitazame gurudumu, utayumba. Wala usitazame shimo, utaingia humo humo. Tazama mbele unakokwenda.

Pedeli ziliporudishwa, wa kwanza kuvuka uwanja mzima alikuwa yule yule mama aliyeacha vikao. Tulikuwa tumemfuata nyumbani, tukamwambia, "Dada, njoo tujifunze, deni litazungumzwa baadaye." Deni lake alilimaliza kwa ndizi alizobeba mwenyewe.

Milima yetu mnaijua. Mteremko mkali hatuuchezei, tunashuka na kukokota, na hiyo siyo aibu. Siku hizi bodaboda zipo, lakini kila safari zinataka fedha.

Kwa hiyo mama unayesema umri umekwenda, njoo uwanjani. Kiti kitashushwa, na sisi tutakuwa pembeni yako.

Umoja ni nguvu.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote
Shighatini