Video ya Somo la Lugha Huanza kwa Mwalimu

Siku hizi mwalimu wa lugha mwenye simu anaweza kurekodi somo asubuhi na wanafunzi wakalitazama jioni, na wengi hudhani mbinu hii ilizaliwa pamoja na YouTube mwaka 2005. Mizizi yake ni mirefu zaidi. Mwaka 1658 Comenius, mwalimu mzaliwa wa Moravia, alichapisha mjini Nuremberg kitabu cha Orbis Sensualium Pictus, ambamo mtoto alijifunza Kilatini kwa kutazama mchoro wa kila mada. Miaka mia tatu baadaye wataalamu wa Saint-Cloud, Ufaransa, walitunga kozi ya Voix et images de France, iliyooanisha picha za kuonyeshwa ukutani na sauti ya tepu. Picha hizo hazikutembea, na mazungumzo ya watu yana mikono, macho na midomo.

Pengo hilo alilishughulikia Pierre Capretz, mwalimu wa Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Kozi yake ya video, French in Action, iliyotoka mwaka 1987, ilikuwa na vipindi 52 vya nusu saa. Baada ya maelezo ya utangulizi kwa Kiingereza, mwanafunzi aliachiwa Kifaransa kitupu. Kisa cha wahusika wake wakuu, Mireille na Robert, kilitungwa ili kibebe somo, kisha maneno yake yakarudi katika vipande vya filamu na matangazo, hadi maana ikajidhihirisha bila tafsiri.

Itasemwa kwamba Capretz alikuwa na fedha na waigizaji, vitu ambavyo mwalimu wa kawaida hana. Ni kweli, lakini uamuzi wa neno lipi litangulie, na lirudi mara ngapi, ulitokana na ualimu, na huo haununuliwi. Tena ughali ulikuwa na hasara yake: baadhi ya wanafunzi wa Yale walipolalamika kwamba kamera ilimdhalilisha Mireille kama mwanamke, filamu haikuwa rahisi kurekebishwa. Video ya simu hurekodiwa upya kesho yake. Wengine watasema video haimjibu mwanafunzi. Haimjibu, na ndiyo sababu kozi ya Capretz iliambatana na vitabu na mazoezi ya kusikiliza. Video ichukue kazi ya kusikiliza na kurudia, ili muda wa darasani ubaki kwa mazungumzo. Vyuo vinavyowanunulia walimu kamera viwape kwanza muda wa kuandaa masomo.