Uzio wa Hillsborough

Kila niendapo kutazama kandanda hapa Uingereza, nakumbuka kwamba kiti ninachokalia kimelipiwa kwa roho za watu.

Tarehe 15 Aprili 1989, Liverpool na Nottingham Forest walikutana katika nusu fainali ya Kombe la FA, uwanja wa Hillsborough, Sheffield. Nje kulikuwa na msongamano, polisi wakaamuru geti la kutokea lifunguliwe. Umati ukapita njia iliyo chini ya jukwaa, ukaingia katika vizimba viwili vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Mbele yao, uzio wa chuma. Dakika ya 6 refa akasimamisha mchezo. Waliokufa ni 97. Wa mwisho alifariki mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile.

Polisi waliwasingizia mashabiki. Ripoti ya Jaji Taylor ya 1990 ndiyo iliyoleta viti, lakini familia zilingoja hadi 2016 baraza la mahakama litamke kuwa wapendwa wao waliuawa isivyo halali, na mashabiki hawakuwa na hatia.

Kama mhandisi nasema hivi: uzio ule ulijengwa kwa kumfikiria mhuni. Hakuna aliyejiuliza muungwana atatokea wapi.