Nukta Inapopotea: Uhamishaji wa Picha za Miswada kama Suala la Uhakiki

Mhakiki wa ushairi wa kale wa Kiswahili aghalabu huanzia pale ambapo wengine wamemalizia: mkononi mwake mna diwani iliyokwisha kuhaririwa, si mswada wenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila mara mswada unapohamishwa, kutoka hati moja hadi nyingine au kutoka faili moja ya picha hadi nyingine, kuna uamuzi wa kihakiki unaofanywa, hata pale anayeufanya anapoudhania kuwa wa kiufundi tu.

Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa ni mfano ulio wazi. Zilikusanywa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor miongo kadhaa baada ya mshairi kufariki, na mwaka wa 1940 W. Hichens akazichapisha Johannesburg kwa hati za Kirumi. Sasa, hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi. Kwa desturi ya waandishi wa pwani, kasra ilisimamia /i/ na /e/, nayo dhamma ikasimamia /u/ na /o/. Anayegeuza hati hulazimika kuchagua. Msomaji wa diwani huuona uchaguzi huo. Shaka iliyoutangulia haioni.

Picha ya mswada ilitazamiwa kuliondoa tatizo hili, kwani picha haichagui irabu. Historia ya faili za picha yaonyesha vingine. TIFF ilibuniwa mwaka wa 1986, GIF mwaka wa 1987. Mwaka wa 1992 kikaja kiwango cha JPEG, pamoja na diski za Photo CD za kampuni ya Kodak. Maelezo kamili ya fomati ya Photo CD hayakutolewa kwa umma, na Kodak ilipoiacha, programu za kuisoma zikapungua. Wenye diski hizo hawakuwa na budi kuzihamisha picha zao.

Kuzihamishia wapi ndilo swali. GIF hutunza rangi 256 tu katika picha. Wino uliofifia huweza kumezwa na rangi ya karatasi. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kutupa tofauti ndogondogo. Lakini katika hati ya Kiarabu nukta moja ndiyo itenganishayo ra na zay, yaani "kura" na "kuza". TIFF isiyobanwa, au PNG iliyotolewa mwaka wa 1996, huweza kuhifadhi kila pikseli. Hata hivyo, kilichokwisha kutupwa na JPEG hakirudishwi kwa kuigeuza faili kuwa TIFF: faili huongezeka ukubwa, ushahidi hauongezeki.

Haifuati kwamba uhamishaji uepukwe. Faili isiyofunguka ni sanduku lililopotelewa na ufunguo. Linalodaiwa ni kwamba faili ya awali isifutwe, nakala ya hifadhi isipunguzwe chochote, JPEG ibaki kuwa ya kusomea tu, na kila uhamishaji uandikiwe tarehe, programu na jina la aliyeufanya, kama mhariri mwaminifu anavyoeleza katika dibaji yake. Pasipo hayo, mhakiki wa kesho ataijadili nukta iliyofutwa na tarakilishi akidhani kuwa iliachwa na mnakili.