Kutoka Njia ya Misafara hadi Mkongo wa Taifa: Historia ya Elimu ya Uundaji wa Programu za Wavuti kwa Mtazamo wa Isikizya, Tabora

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, ipo katika ukanda wa Unyamwezi uliopitiwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19. Insha hii inachunguza historia ya elimu ya juu ya uundaji wa programu za wavuti nchini Tanzania kwa kuitazama kutoka ukanda huo. Hoja yake kuu ni kwamba njia ya mawasiliano, hata ikipita mlangoni, haileti elimu yenyewe. Elimu ya juu hukaa pale ambapo mamlaka imeamua kuiweka.

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, walikuta kituo cha biashara ambapo njia iligawanyika: moja ilielekea Ujiji na nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na lugha ya Kiswahili. Maarifa hayo yalipatikana safarini, bila shule. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1922 serikali ya Waingereza ilianzisha hapo shule iliyokusudiwa watoto wa machifu, ambayo leo ni Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora. Julius Nyerere alisoma hapo kabla ya kwenda Makerere mwaka 1943. Kwa kipindi hicho, wanafunzi kutoka pande nyingi za nchi waliifuata elimu Tabora.

Kompyuta ilikuja kwa mkondo mwingine. Ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za Serikali ulioitegemea mitambo hiyo haukuleta matokeo yaliyotarajiwa na uligharimu fedha nyingi za kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hayo yalidumu hadi miaka ya 1990. Ndani ya kipindi hicho hicho, mwaka 1989, Tim Berners-Lee alipendekeza mfumo wa wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, na mwaka 1993 kituo hicho kikauachia ulimwengu wote bila malipo.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba marufuku ya 1974 ndiyo chanzo cha upungufu wote uliofuata. Hitimisho hilo linahitaji kupimwa. Ni kweli kwamba vyuo vilikosa mitambo na walimu kwa takribani miongo miwili. Hata hivyo, uundaji wa programu za wavuti ulikuwa taaluma changa kila mahali: lugha za JavaScript na PHP zote zilijitokeza mwaka 1995, na zana zake nyingi hupatikana bure. Mwanafunzi wa ngazi ya juu hujifunza jinsi kivinjari kinavyotuma ombi kwa seva, seva inavyotafuta majibu katika hifadhidata, na jinsi mfumo unavyolindwa dhidi ya wavamizi huku ukihudumia maelfu ya watumiaji kwa wakati mmoja. Stadi hizo hupatikana kwa kujenga, kuvunja na kujenga tena. Zinahitaji umeme, muunganisho wa kudumu na mwalimu aliye karibu. Kwa hiyo, marufuku yanaeleza kuchelewa kwa taifa zima; hayaelezi tofauti kati ya mkoa na mkoa.

Tofauti hiyo inaelezwa vizuri zaidi na maamuzi ya baadaye. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, kikawa na ndaki ya taaluma za kompyuta. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaelekea mikoani, Tabora ikiwamo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, kilichoanzishwa Tabora mwaka 2010, kilijikita zaidi katika kuandaa walimu. Kijana wa Isikizya atafutaye shahada ya kompyuta kwa kawaida huelekea Dodoma, Mbeya au Dar es Salaam. Nauli, kodi ya chumba na ada humchuja kabla uwezo wake haujapimwa, na anayefaulu mara nyingi hubaki kule kwenye kazi.

Hivyo basi, mwelekeo wa mwaka 1922 umegeuka. Wakati ule reli ilifuatwa na shule baada ya miaka kumi. Safari hii mkongo umepita, na wanafunzi wanausindikiza kwenda mashariki. Shule ya 1922 iliwalenga wachache, na haifai kuigwa katika hilo. Inathibitisha tu kwamba Tabora iliwahi kuwa mahali pa kufikia wanafunzi kwa sababu uamuzi ulifanywa, na uamuzi wa namna hiyo unaweza kufanywa tena.